Kupandisha Maji kwa Nguvu ya Jua: Mwongozo kwa Wakulima wa Itiryo na Nyanda za Juu za Tarime

Umwagiliaji kwa pampu ya sola ni utaratibu wa kuyatoa maji kisimani, mtoni au bwawani na kuyapandisha shambani kwa mota inayoendeshwa na umeme wa paneli za sola, bila petroli, bila dizeli na mara nyingi bila betri. Katika kata ya Itiryo na kata jirani za wilaya ya Tarime, utaratibu huu unaendana vema na hali ya nchi, kwa kuwa mashamba mengi yamekaa kwenye miteremko huku maji yakiwa bondeni, na kwa kuwa mvua, ambayo katika nyanda hizo huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, huja kwa misimu miwili, vuli na masika, ikiacha kati yake miezi ya ukame ambapo kabichi, nyanya na vitunguu hupata bei nzuri katika masoko ya Tarime mjini na Sirari. Miezi hiyohiyo ambayo mbingu hazina mvua ndiyo ambayo jua huwaka kwa muda mrefu zaidi, hivyo nguvu ya kupandisha maji huongezeka wakati mmea unapoyahitaji zaidi.

Hata hivyo, mifumo mingi huharibika kabla haijafungwa, kwa sababu mnunuzi huanza na paneli, akauliza bei yake, kisha akatafuta pampu inayolingana nayo, na mwisho akagundua kwamba maji hayafiki juu au kisima kimekauka saa nne asubuhi. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume: hesabu inaanzia kwenye chanzo cha maji na mzizi wa mmea, inapanda na bomba hadi kwenye tangi, na paneli ndiyo inayokuja mwisho. Ili hesabu isibaki hewani, mfano mmoja utafuatwa tangu mwanzo hadi mwisho: bustani ya nusu ekari iliyoko mlimani, inayotegemea kisima cha kuchimbwa kwa mkono kilichoko bondeni.

1. Kupima maji yaliyopo

Kipimo cha kwanza hufanywa mwishoni mwa kiangazi, yaani Agosti au Februari, kwa kuwa chanzo kinachotosha Mei kinaweza kuwa tope tupu miezi mitatu baadaye. Kwa kijito kidogo, maji huzuiwa kwa udongo wa mfinyanzi na magogo ya migomba, yakaachwa yapite kwenye kipande kimoja cha bomba na kuangukia ndani ya ndoo ya lita 20, huku muda ukihesabiwa kwa simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 10, kijito kinatoa lita 2 kwa sekunde, sawa na lita 7,200 kwa saa. Kipimo kirudiwe mara tatu au nne na wastani uchukuliwe. Na kiasi hicho chote si mali ya anayepima, kwa kuwa walioko chini ya kijito, watu na mifugo, wana haki yao.

Kwa kisima, kinachopimwa ni kasi ya maji kurudi. Kamba yenye jiwe hushushwa ili kujua maji yako umbali gani chini ya mdomo wa kisima, kisha maji hutolewa kwa pampu ya kukodi hadi yashuke sana, pampu ikazimwa, na kamba ikashushwa tena kila baada ya nusu saa. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 hubeba takriban lita 1,130 katika kila mita moja ya kina. Kwa hiyo maji yakipanda mita moja ndani ya saa moja, kisima hicho kinarudisha lita 1,130 kwa saa. Namba hiyo ndiyo mpaka wa kila kitakachofuata, kwani hakuna paneli inayoweza kuongeza maji ambayo ardhi haikutoa.

Ubora wa maji nao huchunguzwa. Maji yenye mchanga husaga pampu na kuziba mabomba ya matone, na maji ya vijito vinavyopita karibu na machimbo ya dhahabu, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, yapelekwe maabara kabla ya kutumiwa kwa mboga au kunyweshea mifugo.

Sheria huingia katika hatua hii, si baada ya kununua. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, kuchepusha au kuchota maji kwa ajili ya umwagiliaji kunahitaji kibali cha kutumia maji, ambacho kwa eneo hili hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Mwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, nayo inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Maana yake kwa mkulima ni kwamba bustani, tangi na fremu ya paneli zikae nje ya ukanda huo, na mita hizo 60 zihesabiwe kama sehemu ya urefu wa bomba. Afisa ugani wa kata na ofisi za halmashauri ya wilaya ndio mlango wa kwanza wa kuulizia taratibu hizi.

2. Kujua mmea unahitaji kiasi gani

Mmea hupoteza maji kwa majani yake na udongo huyapoteza kwa kukauka. Upotevu huo hupimwa kwa milimita kwa siku, kama mvua inavyopimwa. Kwa mboga katika kiangazi cha nyanda za juu, kadirio la milimita 5 kwa siku ni salama. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Na kwa kuwa ekari ina mita za mraba 4,047, ekari moja inahitaji takriban lita 20,000 kwa siku na nusu ekari lita 10,000.

Kiasi hicho ni kile kinachofika mzizini, si kile kinachotoka kwenye tangi. Maji yakipelekwa kwa mifereji ya udongo, nusu yake huweza kupotea njiani, hivyo nusu ekari itadai lita 20,000. Yakipelekwa kwa matone, yaani kwa mipira myembamba yenye vitundu vinavyodondosha maji karibu na shina, upotevu hushuka hadi takriban asilimia 10, na bustani hiyohiyo itatosheka na lita 11,000. Kwa hiyo gharama ya mipira ya matone isitazamwe peke yake, kwa sababu hupunguza karibu kwa nusu pampu na paneli zitakazohitajika.

Mifugo ihesabiwe pia, kwa kuwa katika jamii ya wafugaji si rahisi kuwa na maji juu ya mlima na ng'ombe wasinyweshwe. Ng'ombe wa kienyeji hunywa takriban lita 25 hadi 40 kwa siku. Katika mfano wetu, bustani ya matone pamoja na ng'ombe kumi na matumizi madogo ya nyumbani inafikia lita 12,000, yaani mita 12 za ujazo kwa siku.

3. Kupima kimo jumla

Kimo jumla ni urefu wote ambao pampu inapaswa kuushinda, na kina sehemu tatu: kina cha maji kisimani wakati pampu inafanya kazi, mwinuko kutoka mdomo wa kisima hadi mahali maji yanapoingilia tangini, na msuguano ndani ya bomba. Urefu wa bomba lililolala mlimani haulingani na mwinuko, na kosa la kuvichanganya viwili hivi limewafanya wengi kununua pampu isiyofaa.

Mwinuko unaweza kupimwa bila mashine ya mpimaji, kwa mpira ule unaopitisha mwanga ambao mafundi uashi huutumia kusawazisha msingi. Mpira wa mita 20 hujazwa maji pasipo kuacha mapovu, ncha moja ikashikwa chini na nyingine kufungwa kwenye ufito mrefu juu ya mteremko. Kwa kuwa maji katika ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, tofauti ya urefu kutoka ardhini hadi kwenye maji katika kila ncha ndiyo mwinuko wa hatua hiyo. Mpimaji akisogea hatua kwa hatua na kujumlisha, atafika mahali pa tangi akiwa na namba ya kuaminika kuliko ile ya kukisia kwa macho.

Msuguano hutegemea zaidi kipenyo cha bomba. Tuseme maji ya mfano wetu yanapita kwa kasi ya lita 2,400 kwa saa katika bomba la plastiki la mita 150. Bomba la milimita 40 litaongeza takriban mita 2 na nusu kwenye kimo, lakini bomba la milimita 25, ambalo dukani ni rahisi zaidi, litaongeza karibu mita 29, kana kwamba mlima umeongezewa mlima mwingine. Fedha iliyookolewa kwenye bomba itadaiwa tena, na zaidi, kwenye paneli.

Katika mfano huu maji ya kisima hushuka hadi mita 9, mwinuko hadi mdomo wa tangi ni mita 21, na msuguano pamoja na viungio ni mita 3. Kimo jumla ni mita 33.

4. Kuchagua pampu

Pampu ziko za aina mbili kuu. Pampu ya juu hukaa nchi kavu na kuyavuta maji, ilhali pampu ya kuzamisha huwekwa ndani ya maji yenyewe na kuyasukuma kwenda juu. Pampu ya juu haivuti maji kwa nguvu zake, kwani ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma yapande ndani ya bomba. Na kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya pwani, uwezo huo nao hupungua. Katika usawa wa bahari, kikomo cha nadharia ni mita 10.3, katika mwinuko wa mita 1,500 hubaki mita 8 na nusu hivi, na kwa vitendo haifai kutegemea zaidi ya mita 5 au 6. Kwa sababu hiyo, kisima ambacho maji yake hushuka hadi mita 9 hakiwezi kutumia pampu ya juu katika Tarime, hata kama karatasi ya kiwandani inasifu nguvu za mota yake.

Pampu ichaguliwe kwa mchoro wake wa utendaji, yaani mstari unaoonyesha kiasi cha maji inachotoa kwa kila kimo. Tangazo linaloandika kimo cha juu mita 60 na maji lita 5,000 kwa saa halimaanishi kwamba vyote viwili hupatikana pamoja: katika kimo cha juu kabisa pampu hutoa karibu sifuri. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kwa mita 33, pampu hii inatoa lita ngapi kwa saa?

5. Kukokotoa paneli

Nguvu ya umeme hupimwa kwa wati, na kazi iliyofanywa kwa muda hupimwa kwa kilowati-saa, ambayo ni wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa moja. Kilowati-saa moja, kama hakuna kinachopotea, hupandisha mita moja ya ujazo ya maji hadi kimo cha mita 367. Hivyo kazi ya siku hupatikana kwa kuzidisha mita za ujazo kwa kimo jumla na kugawanya kwa 367: 12 mara 33, gawanya kwa 367, jibu ni takriban kilowati-saa 1.08.

Pampu na mota hupoteza sehemu kubwa ya nguvu, na katika mifumo midogo ni busara kukadiria ufanisi wa asilimia 40. Umeme unaohitajika basi ni kilowati-saa 2.7 kwa siku. Jua nalo haliwaki kwa nguvu moja tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo mafundi huhesabu saa za jua kamili, yaani mwanga wa siku nzima ukikusanywa kana kwamba wote ulikuwa wa saa sita mchana. Kwa eneo hili makadirio ya saa 5 yanafaa. Joto, vumbi na nyaya hupunguza takriban asilimia 20. Kugawanya 2.7 kwa 5 na kisha kwa 0.8 kunatoa kilowati 0.68, maana yake paneli mbili za wati 350 zinatosha. Lau bustani hiyo ingemwagiliwa kwa mifereji, zingehitajika paneli nne.

Kwa kuwa Itiryo iko karibu na ikweta, upande wa kusini, na jua la Juni hadi Agosti hupita kaskazini, paneli zielekezwe kaskazini na zilazwe kwa nyuzi 10 hadi 15, mlalo unaotosha mvua kuteremsha vumbi. Kivuli ni adui asiyeonekana mkubwa: paneli zilizounganishwa mfululizo hufanana na watu waliobeba gogo moja, na mmoja akilegea wote huyumba, kwa hiyo kivuli cha tawi moja la mkalitusi juu ya kona ya paneli kinaweza kupunguza maji kupita kiasi. Kati ya paneli na pampu huwekwa kidhibiti, kifaa kinachorekebisha umeme kulingana na mwanga uliopo ili pampu iendelee kuzunguka polepole hata wingu likipita.

6. Tangi badala ya betri

Betri ni ghali na huchakaa mapema, ilhali maji yaliyopandishwa ni nguvu iliyokwisha kuhifadhiwa. Pampu ijaze tangi mchana kutwa, hata kwa mwendo mdogo, na bustani imwagiliwe asubuhi au jioni, wakati maji machache hupotea kwa joto. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni tangi la lita 10,000, au mawili ya 5,000, linalotosha mfano wetu kwa kuwa sehemu ya maji hutumika siku hiyohiyo.

Mteremko wa Tarime unamwondolea mkulima gharama ya mnara. Tangi likiwekwa ukingo wa juu wa shamba, juu ya msingi wa mawe na zege, mita 2 au 3 za mwinuko zinatosha kuendesha matone ya shinikizo dogo. Msingi usidharauliwe, kwa sababu tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Mbele ya mipira ya matone liwekwe chujio, na ndani ya tangi boya linalozima pampu likijaa.

7. Kununua, kufunga na kutunza

Mkulima aende dukani akiwa na namba nne zilizoandikwa: lita kwa siku, kimo jumla, kasi ya kisima kurudisha maji, na urefu wa bomba. Aombe dhamana kwa maandishi, ahakikishe kwamba vipuri vinapatikana Tarime, Musoma au Mwanza, na asilipe salio kabla ya kuiona pampu ikijaza ndoo kwenye mdomo wa tangi, saa sita mchana, kwa kasi iliyoahidiwa. Penye upungufu wa mtaji, vikundi vya kuweka na kukopa hununua kwa pamoja, na ziko kampuni katika Afrika Mashariki, kama SunCulture ya Kenya, zinazouza pampu kwa malipo ya kidogo kidogo. Mkataba wa namna hiyo usomwe hadi mwisho, na awamu za malipo zilinganishwe na miezi ya mavuno.

Umeme wa paneli ni wa mkondo mnyoofu, ambao ukitengeneza cheche hauzimiki kwa urahisi. Swichi ya kawaida ya nyumbani haifai, itumike ile iliyotengenezwa kwa mkondo huo. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo fremu iunganishwe na ufito wa shaba uliozikwa ardhini, na kidhibiti kiwekewe kinga ya radi. Kitambuzi cha maji kisikosekane kisimani, kwa sababu pampu inayozunguka pakavu huungua. Fremu ifungwe kwa nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida, iwekwe mahali panapoonekana kutoka nyumbani, na izungushiwe uzio imara, kwani ng'ombe anayejikuna hupindua paneli bila kosa lake.

Matunzo ya kila siku ni machache: kufuta paneli kwa maji na kitambaa laini alfajiri zikiwa bado baridi, kusafisha chujio, kupogoa matawi, na kuandika katika daftari muda ambao tangi limechukua kujaa. Muda huo ukirefuka wiki hadi wiki huku jua likiwa lilelile, ama pampu inachakaa, ama bomba linavuja, ama maji ya kisima yanashuka.

8. Kuweka breki mpya

Jambo hilo la mwisho, kushuka kwa maji, ndilo zito kuliko yote. Pampu ya petroli, pamoja na kelele na gharama zake, ilikuwa na breki ndani yake: kila ndoo ilikuwa na bei, na mkulima aliizima mara udongo ulipolowa. Jua halidai kitu, na pampu ya sola isiyo na boya wala makubaliano huendelea kuvuta tangu asubuhi hadi jioni, kila siku, hata pasipo haja. Pampu moja haisikiki katika kijito, lakini kumi zinasikika, tena katika mwezi uleule wa ukame ambapo kila mmoja anazihitaji. Maji ya sehemu kubwa ya nyanda hizi humwagikia Mto Mara, unaotoka Kenya na kupita Serengeti kabla ya kufika Ziwa Victoria, na ambao Kenya na Tanzania zimeutengea siku ya maadhimisho, tarehe 15 Septemba ya kila mwaka, tangu 2012. Kinachochotwa mlimani hupungua mahali fulani chini.

Breki hiyo lazima iwekwe na watu wenyewe. Sheria ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na Wakurya wa nyanda hizi wana desturi ya ritongo, mkutano wa hadhara wa kujadili mambo ya jamii. Makubaliano yaliyopita kwenye mkutano kama huo na kisha kuandikwa katika jumuiya huheshimiwa zaidi kuliko karatasi peke yake. Yatosha yawe mafupi: zamu za siku za kuvuta, nafasi ya kwanza kwa maji ya nyumbani na mifugo, na kiwango cha chini cha kijito kinachoonyeshwa kwa mstari wa rangi juu ya jiwe kubwa lisilosogea. Maji yakishuka chini ya mstari, pampu zote huzimwa, hata kama jua linawaka na matangi hayajajaa. Mstari huo upakwe rangi upya kila mwisho wa Agosti, mbele ya watu wa juu na watu wa chini, siku ileile ambapo ndoo ya lita 20 inarudishwa kijitoni kupimwa.